Eksirei kali kutoka kwenye mtambo mdogo: itafika hospitalini kwetu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nasomea upigaji picha za mionzi, niko Mbeya. Nimesoma kwamba Ujerumani wana mtambo unaoingia chumbani na unatoa eksirei zinazokaribia ubora wa zile za sinkrotroni, ile mitambo mikubwa ya duara inayozungusha elektroni ili zitoe eksirei. Je, mitambo hiyo midogo itaziondoa tyubu za eksirei tunazofundishwa? Inaweza kutibu saratani? Na je, hii ni mada nzuri kwa utafiti wangu wa mwisho wa masomo?

Jibu: Marahaba. Tyubu unayofundishwa itakuwapo muda wote utakaokuwa kazini, kwa hiyo isome vizuri. Mtambo wa aina ya huo uliousoma, ulioko Munich, Ujerumani, sioni ukifungwa kwenye hospitali ya mkoa, na kwa upande wa tiba una upungufu mkubwa ambao nitakuonyesha kwa hesabu. Lakini mbinu zilizozaliwa kwenye mitambo mikubwa zimeshaanza kuwafikia wagonjwa kupitia tyubu ileile ya kawaida. Hapo ndipo ningependa uelekeze macho.

Tutenganishe kwanza vitu viwili ambavyo magazeti huviita kwa jina moja. Kuna chanzo cha eksirei kilicho kidogo kwa kilo, kile unachoweza kukibeba mkononi hadi kijijini. Na kuna chanzo kilicho kidogo ukikilinganisha na sinkrotroni, hata kama kina uzito wa tani kadhaa. Sinkrotroni ya Ulaya pale Grenoble, Ufaransa, ina mzingo wa mita 844. Kitu kinachofanya sehemu ya kazi yake ndani ya chumba kimoja kina haki ya kuitwa kidogo. Malengo yao ni tofauti, ila adui wao ni mmoja, na adui huyo ni joto.

Chukua picha ya kifua ya kawaida. Kilovolti 100 na miliampia 500. Zidisha, unapata kilowati 50. Nguvu yote hiyo inatua kwenye anodi, metali iliyo ndani ya tyubu inayopigwa na elektroni, kwenye doa lenye upana wa milimita moja hivi, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Chini ya asilimia moja tu ndiyo inayogeuka eksirei. Iliyobaki yote ni joto. Tangsteni, metali ya anodi hiyo, huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, na hakuna metali nyingine inayofika hapo, lakini hata yenyewe isingestahimili kama doa lingekaa mahali pamoja. Ndiyo maana tangu mwaka 1929, Philips walipoleta tyubu yenye anodi inayozunguka, anodi huzungushwa maelfu ya mara kwa dakika ili joto ligawanywe kwenye duara zima. Na hizo eksirei chache zilizopatikana husambaa kila upande. Nyingi huishia kwenye kasha la risasi, na zinazomfikia mgonjwa ni kiasi kidogo mno.

Fundo lenyewe ni hili. Picha yenye ncha kali inataka doa dogo. Doa dogo likipewa nguvu ileile linayeyuka. Ukipunguza nguvu ili lisiyeyuke, muda wa kupiga unarefuka, mgonjwa anapumua, moyo unadunda, picha inatikisika. Karibu kila ubunifu wa vyanzo vidogo unaousikia ni njia mojawapo ya kulizunguka fundo hili.

Wasweden waliamua kwamba kama anodi itayeyuka, basi na ianze ikiwa imeyeyuka. Kundi la Hans Hertz kwenye chuo cha KTH, Stockholm, lilitengeneza tyubu ambayo anodi yake ni mchirizi wa metali ya maji, mchanganyiko wenye galiamu, unaorushwa kwa kasi ndani ya ombwe. Elektroni zinaupiga mchirizi, sehemu iliyopata joto inaondoka, nyingine inakuja. Leo tyubu hizo zinauzwa na kampuni ya Excillum na zinatumika maabara, hasa kwa sampuli ndogo za tishu na wanyama wadogo.

Wengine wameishika kathodi, upande wa tyubu unaotoa elektroni. Tangu William Coolidge alipotengeneza tyubu yake mwaka 1913, tumekuwa tukipata elektroni kwa kuchemsha waya wa tangsteni. Kundi la Otto Zhou, Chapel Hill, North Carolina, lilitumia nyuzi za kaboni nyembamba kuliko unywele mara maelfu, ambazo hutoa elektroni kwenye uga wa umeme bila kuchemshwa. Faida si wepesi tu. Kathodi baridi huwashwa na kuzimwa papo hapo, kwa hiyo unaweza kupanga vyanzo vingi vidogo kwenye mstari na kuviwasha kimoja baada ya kingine, ukapata picha za matiti kutoka pembe nyingi bila tyubu kusogea. Kampuni ya Micro-X ya Adelaide, Australia, imeshaingiza kathodi za aina hii kwenye mashine za eksirei zinazosukumwa wodini, na inafanya kazi ya kutengeneza mashine ya CT ya kichwa, inayopiga picha za vipande, inayoweza kubebwa kwenye gari la wagonjwa ili kiharusi kitambuliwe njiani.

Sasa tuje Munich, maana ndiko ulikouliza. Mtambo huo uko Garching, kwenye Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, na ulizinduliwa mwaka 2015. Ulitengenezwa na kampuni ya Lyncean ya California, kwa wazo lililoandikwa mwaka 1998 na Zhirong Huang na Ronald Ruth, wanafizikia wa Stanford. Hauna anodi kabisa. Elektroni huzungushwa kwenye pete yenye mzingo usiofika mita 5, na kila mzunguko hukutana uso kwa uso na mwale wa leza unaokwenda mbele na kurudi kati ya vioo. Mapigano hayo hutokea takriban milioni 65 kwa sekunde. Fotoni ya leza, yaani chembe moja ya mwanga wake, ikigongwa na elektroni inayokuja kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, hurudishwa nyuma ikiwa na nishati kubwa zaidi, na hiyo ndiyo eksirei.

Fanya hesabu hii mwenyewe, ni fupi. Fotoni ya leza ya rangi wanayotumia ina elektronivolti 1.17 (hicho ni kipimo cha nishati ya chembe ndogo). Elektroni ya milioni 44 za elektronivolti ina nishati mara 86 ya ile ya elektroni iliyotulia. Wakigongana uso kwa uso, nishati ya fotoni huzidishwa kwa 4, kisha kwa 86, kisha kwa 86 tena. 86 mara 86 ni 7,396, mara 4 ni 29,584, mara 1.17 ni kama 34,600. Umeanza na mwanga usioweza kupenya karatasi ya madaftari, umemaliza na eksirei ya keV 34.6, yaani elfu 34.6 za elektronivolti, inayopenya titi au mkono.

Kwa nini Grenoble wanahitaji elektroni zenye nishati zaidi ya mara mia moja ya hizo? Kwa sababu wao huzitikisa elektroni kwa safu za sumaku ambazo mtikiso mmoja huchukua sentimita kadhaa, ilhali wimbi la leza lina urefu wa sehemu moja tu ya elfu ya milimita. Mtikiso ukiwa mfupi kiasi hicho, elektroni za kasi ndogo zinatosha, na pete inasinyaa kutoka mita mamia hadi mita chache. Siri yote ya udogo iko hapo.

Mwale unaopatikana una sifa tatu ambazo tyubu yako haina. Ni mwembamba: unatanuka milimita 4 tu kwa kila mita, hivyo ukiwa mita 15 kutoka kwenye chanzo una upana wa kama sentimita 6. Nishati zake zimekaribiana, si mchanganyiko wa kila kitu kuanzia chini hadi kilovolti ulizoweka. Na nishati hiyo unaweza kuipandisha na kuishusha kwa kubadili kasi ya elektroni. Sifa hii ya tatu naipenda sana. Aidini tunayomchoma mgonjwa ili mishipa ionekane ina mpaka kwenye keV 33.2: juu kidogo ya hapo inameza eksirei kwa nguvu, chini kidogo inaziachia. Rudi kwenye hesabu yetu, weka elektroni za milioni 43 badala ya 44, na utajikuta chini ya mpaka huo. Piga picha moja juu, moja chini, toa moja kwenye nyingine: mfupa na nyama vinafutika, mishipa inabaki. Kwa mgonjwa mwenye figo dhaifu, uwezekano wa kupata mishipa inayosomeka kwa aidini kidogo si jambo dogo hata kidogo.

Nisikufiche bei ya uzuri huo. Leza inayozunguka kati ya vioo hufikia makumi ya kilowati, kwa hiyo joto tulilolikimbia kwenye anodi linatungoja kwenye vioo. Elektroni lazima zipite mahali penye unene mdogo kuliko unywele, wakati uleule leza inapofika. Chumba kinatakiwa kitulie, umeme utulie, na wahandisi wawepo. Wafaransa wamejenga mtambo wa jamii hiyo, ThomX, pale Orsay, na ilichukua miaka mingi kabla ya eksirei za kwanza kuonekana mwaka 2023. Kuna pia njia ya kuongezea elektroni kasi kwa leza ndani ya plazma, gesi ambayo atomi zake zimevunjwa, wazo la Tajima na Dawson la mwaka 1979. Mwaka 2019 maabara ya Berkeley ilizifikisha elektroni bilioni 7.8 za elektronivolti ndani ya sentimita 20. Ni kazi kubwa, ila mashine ya leza yenyewe inajaza jengo, na mapigo ni machache mno kwa sekunde. Kwa hospitali naiweka pembeni kwa sasa.

Turudi kwenye lile nililosema ndilo la kutazama. Eksirei ikipita mwilini haipungui tu. Huchepuka kidogo na kutawanywa kwa pembe ndogo sana. Sinkrotroni ndizo zilizotufundisha kuisoma michepuko hiyo. Pale Trieste, Italia, wanawake walianza kupigwa picha za matiti kwa mwale wa sinkrotroni mwaka 2006. Mwaka huohuo Franz Pfeiffer, akiwa Uswisi, alionyesha kwamba unaweza kuisoma hata kwa tyubu ya kawaida, ukiweka njiani vibao vitatu vyembamba vilivyochongwa mistari midogo mno. Baadaye alihamia Munich, na ni kundi lake lililoutumia sana mtambo wa Garching.

Faida yake inaonekana kwenye mapafu. Asubuhi yenye ukungu, ukitoka Uyole kwenda Tukuyu, taa za gari linalokuja hazizibwi na kitu. Matone madogo ya maji yanazitawanya, na kwa kuangalia jinsi mwanga ulivyotawanyika unajua ukungu ni mzito kiasi gani. Mapafu yana vifuko vya hewa mamia ya mamilioni, na kuta zake zinazitawanya eksirei namna hiyohiyo. Picha yako ya kifua ya kawaida haioni hilo, kwa sababu hewa haizuii chochote. Picha ya mtawanyiko inaliona. Kuta zikiharibika, kama inavyotokea kwa mvutaji sigara wa miaka mingi au mama aliyepikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, mtawanyiko hupungua, na unapungua hata pale ambapo picha ya kawaida bado inaonekana safi. Mwaka 2021 kundi la Munich lilichapisha matokeo ya wagonjwa halisi wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, waliopigwa kwa mashine ya majaribio iliyofungwa hospitalini. Chanzo chake ni tyubu ya kawaida, ya ukoo uleule na hiyo iliyoko chuoni kwenu.

Sasa tiba. Hapa vijana wengi huchanganya ukali wa mwale na wingi wake, kwa hiyo tupige hesabu tena. Tuseme mtambo wa aina ya Garching unatoa fotoni bilioni 30 kwa sekunde, kila moja keV 35. Hiyo ni chini ya sehemu mbili za elfu kumi za wati. Tandaza nguvu hiyo kwenye duara la sentimita 6, na ngozi itahitaji karibu saa nzima kupata grei 2, dozi ambayo Linac, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, inaitoa chini ya dakika moja. Tena hiyo ni ngozi. Kwa nishati hiyo, kila sentimita 2 hivi za tishu zinameza karibu nusu ya mwale, kwa hiyo uvimbe ulioko ndani ya fumbatio ungepata mabaki tu.

Kuna aina ya tiba ambayo mwale mwembamba wa namna hii unaitumikia vizuri zaidi: kuugawa mwale kuwa nyuzi zenye upana wa makumi ya maikromita, zikiwa na nafasi kati yake, kila uzi ukibeba dozi kubwa sana. Kwa wanyama, tishu zenye afya huvumilia michirizi hiyo kuliko tulivyotarajia, huku uvimbe ukiumia. Garching walijaribu kwa panya, kwenye uvimbe wa sikioni, na wakaonyesha kwamba inawezekana. Lakini sikio la panya ni jembamba na unaweza kulishika lisitikisike. Kwa binadamu damu inadunda, nyuzi zinafutika, hivyo dozi yote inatakiwa iingie haraka sana, na hapo ndipo bado tunahitaji sinkrotroni kama ya Grenoble. Wenzao wa chuo kilekile cha Munich sasa wanatengeneza tyubu ambayo doa lake ni mstari mwembamba kwenye anodi inayokwenda kasi mno, kiasi kwamba joto halipati muda wa kujikusanya. Kati ya mambo yote niliyokutajia upande wa tiba hii, hilo ndilo ninaloliombea lifanikiwe.

Na bado, usiseme chanzo kidogo hakiwezi kutibu. Tangu mwaka 1998, London, madaktari wa upasuaji wa saratani ya matiti wamekuwa wakitumia tyubu ya kilovolti 50 na maikroampia 40. Zidisha: ni wati 2 tu, ndogo kuliko taa nyingi za balbu nyumbani. Inatibuje basi? Inakwenda ilipo saratani. Uvimbe ukishatolewa, ncha ya tyubu, ikiwa ndani ya mpira mgumu wa duara, huwekwa kwenye shimo lililobaki, na kwa nusu saa hivi tishu iliyoigusa hupata grei 20. Sentimita moja mbele dozi imeshashuka hadi grei 5 au 7. Udhaifu wa eksirei za nishati ndogo, kwamba hazifiki mbali, unageuka kuwa ulinzi wa moyo na mapafu, na chumba cha upasuaji hakihitaji kuta za zege za mita mbili. Wataalamu wanaendelea kubishana ni mgonjwa yupi anafaa kupewa tiba hiyo badala ya wiki kadhaa za Linac, na mabishano hayo ni ya haki, maana yanahusu saratani kurudi. Mimi naiunga mkono kwa wanawake waliochaguliwa kwa uangalifu, hasa anayeishi mbali na kituo cha mionzi.

Linac yenyewe pia ni chanzo cha eksirei ambacho kimekuwa kikisinyaa. Ukitumia mawimbi ya gigahezi 9 badala ya 3, bomba la kuongezea elektroni kasi linapungua kiasi kwamba roboti ya kiwandani inaweza kulibeba na kumzunguka mgonjwa. Mashine ya tiba iitwayo CyberKnife imejengwa hivyo. Kwetu, hata hivyo, ukubwa si tatizo la kwanza. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi ya Uganda, ya kobalti, pale Mulago, iliharibika isitengenezeke, na nchi nzima ikabaki bila tiba hiyo hadi mashine mpya ilipoanza kazi karibu miaka miwili baadaye. Watu walikufa wakisubiri. CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, na washirika wao, wakiwemo wataalamu wa Afrika, wana mradi uitwao STELLA wa kubuni Linac inayostahimili umeme unaokatika, joto, na upungufu wa mafundi. Ningekuwa na fedha za kugawa, ningezipeleka huko kabla ya pete ya leza.

Na kile chanzo kidogo kwa kilo? Hicho kimeshafika. Mashine za kushika mkononi, mojawapo ina kilo 3.5, zinatumika kutafuta kifua kikuu vijijini, na tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali programu ya kompyuta isome picha hizo kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Betri inatoa miliampia chache, si mamia, kwa hiyo muda wa kupiga ni mrefu zaidi na kusogea kwa mgonjwa kunaonekana haraka. Pia watu huidharau kwa sababu ni nyepesi. Nimeona mpigaji akisimama bega kwa bega na foleni ya watu wanaosubiri, bila kizuizi chochote. Mionzi iliyotawanywa na mgonjwa haijui kwamba mashine ni ndogo.

Hilo linanileta kwenye utafiti wako. Usichague pete ya leza, hutakuwa na kitu cha kupima. Chagua fundo la joto na doa kwenye mashine unayoweza kuigusa: linganisha mashine ya kubeba mkononi na ile iliyofungwa ukutani, ukubwa wa doa, ubora wa mwale, dozi kwenye ngozi, na mtikisiko wa picha kadiri muda unavyorefuka. Kisha ijenge tyubu ileile kwenye kompyuta kwa Geant4 au EGSnrc, programu za kuiga safari ya mionzi zinazopatikana bure, uone kama namba zako zinakubaliana. Ukishaweza hilo, kubadili chanzo kwenye programu kiwe mwale wa keV 33 ni kazi ya siku chache, na utakuwa umeigusa Munich ukiwa Mbeya. Utahitaji vipande vya alumini vyenye unene unaojulikana, kipima dozi kilichohakikiwa, tundu dogo la sindano kwenye bati la risasi, na ruhusa ya mkuu wa idara iliyoandikwa. Vipimo vifanye wagonjwa wakishamaliza, na tyubu ipumzike kati ya pigo moja na jingine.